Sikiliza Kwanza: Hotuba ya Kumkumbuka Ami Injinia

Maneno haya niliyasema siku ya hitma ya arobaini ya ami yangu, uwanjani kwake, nje kidogo ya Chake Chake, Pemba. Nayaweka hapa kama yalivyo kwa ajili ya jamaa wa Unguja, Mombasa, Maskati na Ulaya ambao hawakujaaliwa kufika. Jina lake silitaji, familia imeomba hivyo. Kwetu sote alikuwa Injinia, na mimi nilimwita Ami.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, wazee wangu, mama zangu mliokaa huko chini ya mwembe, kaka na dada zangu, na nyinyi watoto wa madrasa mliosoma vizuri leo mpaka mwili ukanisisimka: ahsanteni kwa kuja. Ahsanteni kwa kisomo. Mwenyezi Mungu aipokee hitma hii na amfikishie mwenyewe thawabu zake.

Wazee wamenitaka niseme machache. Nitajitahidi. Lakini mtu aliyezaliwa hapa kwenye mikarafuu, akasoma Leipzig na Dresden, akavuka mto Kagera na jeshi, akafanya kazi Oman, kisha akarudi akafia kitandani kwake katika kijiji kile kile alichokatiwa kitovu, machache yake ni mengi.

Nianze na kidole chake. Mnakikumbuka kidole chake? Kila aliyewahi kumpelekea kitu kibovu anakijua. Unakuja na redio, unakuja na cherehani, unakuja na pampu ya kisima. Umeshaanza kueleza, na mkono wako tayari uko kwenye bisibisi. Ami ananyanyua kidole cha shahada, anakipeleka sikioni. "Sikiliza kwanza." Basi. Hasemi zaidi. Wewe na yeye mnakaa kimya nyote wawili, mtambo unaunguruma, na yeye amefumba macho.

Wangapi hapa mliambiwa neno hilo? Naona mikono. Mikono mingi. Wengi tulidhani ni desturi tu ya fundi mkongwe, kama mwingine anavyopiga chafya kabla ya kuanza kazi. Ndugu zangu, halikuwa desturi. Neno lile alilinunua, tena kwa bei kubwa. Leo nataka niwaeleze alilinunua wapi.

Alianza kulipata kwa mama yake, ambaye ni bibi yangu.

Bibi alikuwa msusi. Mama zangu mnajua kazi ile kuliko mimi: unachana miyaa, unaitia rangi, unasuka ukili mrefu, kisha unaushona ukili kwa ukili mpaka upate mkeka. Ami alipokuwa mdogo alikaa miguuni pa bibi, kazi yake kumpokeza miyaa. Siku moja bibi amesuka, amesuka, ghafla akasita. Akapitisha kidole juu ya ukili, polepole, huku amefumba macho, akirudi nyuma. Kiasi cha dhiraa mbili nyuma, kidole kikasimama. Pale njia moja ilikuwa imeruka. Ami akamwambia, "Mama, hapo nani ataona?" Bibi hakumjibu. Alifumua mpaka penye kosa, akaishia hapo hapo, akaanza tena kusuka.

Ami aliniambia kisa hiki zaidi ya mara kumi, na kila mara alikazia jambo moja. Kufumua hakukumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba bibi alijua pa kuishia. Hakufumua ukili wote, wala hakuutupa akaanza mpya. Alijua kosa lilipo. Na alilijua kwa sababu kabla ya kugusa chochote aliuliza ukili wenyewe kwa kidole chake.

Yalipokuja Mapinduzi, Januari 1964, Ami alikuwa kijana aliyetoka skuli juzi tu. Nchi ikafungua mlango upande wa mashariki. Ujerumani ya Mashariki ikaleta wataalamu wake hapa. Majumba ya Kikwajuni na ya Michenzani kule Unguja yana mkono wao. Na vijana wetu nao wakapelekwa huko kusoma, Ami akiwa mmoja wao. Baba yake alimsindikiza bandarini akamfungia karafuu kavu kwenye kitambaa. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Kwanza walikaa Leipzig, kwenye Herder-Institut, chuo cha kuwafundisha wageni Kijerumani. Baridi, Ami alisema, aliizoea. Asichokizoea ni harufu ya makaa ya mawe wakati wa baridi, pale kila nyumba inapowasha jiko kwa pamoja na moshi kulala barabarani kama ukungu wa alfajiri ya Pemba. Alipozidiwa alifungua kile kitambaa akanusa.

Kutoka Leipzig akaenda Dresden, chuo kikuu cha ufundi. Na hapa naomba mnisogelee kidogo, watoto waje mbele, kwa sababu nimekuja na kitu.

Hiki hapa nilichoshika. Ni kipande cha chuma. Pande sita, kila upande sentimita tano, uzito wake karibu kilo moja. Kipokezaneni, mkishike. Mnaona kilivyolainika? Hakuna mashine iliyokilainisha. Ni tupa na mkono.

Kabla hawajaruhusiwa kugusa mtambo wowote, wanafunzi wale walipewa kila mmoja donge la chuma, tupa, na jiliwa la kukibania. Kazi: lifanye liwe mraba pande zote. Unapiga tupa kutwa nzima. Jioni mwalimu wa karakana anaweka rula juu ya chuma chako, anakinyanyua dirishani, anachungulia. Mwanga ukipita chini ya rula, bado. Kesho tena.

Ami alipiga tupa wiki tatu. Siku aliyodhani amemaliza, alikuwa na haraka, wenzake wanakwenda kucheza mpira. Alijua imebaki kidogo sana. Sasa, tupa ina sauti. Wanaofanya kazi ya chuma hapa watanishuhudia. Ikila sawasawa inasema hivi, ikianza kula upande mmoja inabadilisha mlio. Ami aliisikia ikibadilisha. Aliisikia kabisa. Lakini akaendelea, mara nne zaidi. Mwalimu akakinyanyua dirishani, na mwanga ukapita kwenye pembe moja. Ndiyo pembe hiyo iliyo na alama ya msumari. Ipitisheni kidole. Hamtaiona kwa macho, lakini kidole kitaiona.

Mwalimu yule hakumkaripia. Alimpa chuma kipya, akamwambia kile cha kwanza akichukue akae nacho. Wiki iliyofuata mwalimu huyo huyo alikuja na shavu limevimba kwa jino, Ami akamtolea karafuu akamwelekeza aibane pale panapouma. Karafuu ya Pemba ikamtuliza. Wakawa marafiki tangu siku hiyo, wakaandikiana barua mpaka mmoja wao alipofariki. Na chuma kibovu kikavuka bahari, kikaja kukaa juu ya meza yake hapa miaka yote hii. Vyuma vizuri alivyotengeneza baadaye sijui viko wapi. Alichokitunza ni hiki.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo mwenyewe hakupenda kupazungumza.

Aliporudi nyumbani aliingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania, upande wa uhandisi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, wakaua, wakapora ng'ombe na mali, na wakalivunja daraja la Kyaka ili majeshi yetu yasivuke mto. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Wazee hapa mnayakumbuka mambo matatu aliyoyataja: uwezo, sababu na nia. Mtu akisikia uwezo, anafikiria bunduki. Ami alipoisikia hotuba ile alikuwa anafikiria mto. Mzinga hauogelei. Lori la risasi haliogelei, na lori la unga vile vile. Jeshi lote lenye uwezo na sababu na nia linafika ukingoni linasimama, linamwangalia mhandisi.

Kazi ya kupima mto waliifanya usiku. Bila taa, bila sigara, bila neno. Walitumia kamba yenye fundo kila baada ya hatua moja. Ami alishika ncha moja, ncha ya pili aliishika mwenzake, kijana wa Kigoma, mwogeleaji hodari. Kwa kuwa hawaruhusiwi kusema, walikubaliana lugha ya kamba. Ukivuta mara moja: simama. Mara mbili: legeza. Mara tatu: sikiliza. Yaani acha kila unachofanya, usihesabu fundo, usipumue kwa nguvu, tega sikio.

Mara tatu, sikiliza kwanza. Mmeanza kuona lilikotoka?

Usiku mmoja Ami alivutwa mara tatu. Akasimama. Akasikia maji, akasikia vyura. Hakusikia kingine. Akangoja. Akavuta kumwuliza mwenzake. Kamba ikaja nyepesi.

Hakuna mlio wa risasi uliosikika. Mto tu, ukienda zake. Walimpata baada ya siku moja, chini ya mkondo. Alisikia nini kijana yule? Alitaka Ami asikie nini? Ami alijiuliza maswali hayo zaidi ya miaka arobaini, na sidhani kama kuna usiku uliopita bila kujiuliza. Kwake halikuwa swali la kupata jibu. Lilikuwa deni.

Daraja la muda likatandikwa. Novemba ile ile majeshi yetu yakavuka Kagera. Ami akaendelea nayo: Mutukula, kisha Masaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Watu wa Kampala waliwapokea kwa nderemo, na hilo alipenda kulisimulia, jinsi kina mama walivyoyaweka majani ya miti kwenye magari yao. Lakini ukimtaja Masaka, alinyamaza. Mji ule ulibomolewa kulipiza yaliyofanywa Kagera. Mimi nilimwuliza mara moja tu, nikiwa msichana asiyejua. Alinitazama, akasema, "Mimi nilisomeshwa kusimamisha." Akainuka akaenda kutia udhu. Nalisema hapa mbele yenu kwa sababu naamini angetaka lisemwe. Aliipenda nchi yake na aliamini vita vile vilikuwa vya haki, na bado kulikuwa na jambo ndani yake ambalo hakukubali kulivisha nguo nzuri.

Jirani zake mtakumbuka kwamba kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alikaa barazani baada ya magharibi bila redio na bila taa. Sisi watoto tulikatazwa kumpelekea hata kahawa. Miaka ya mwisho, alipokuwa bado ana nguvu za kusafiri, alikwenda mpaka Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Kutoka Pemba hadi Kaboya ni safari ya siku nyingi kwa mzee. Alipoulizwa alikwenda kufanya nini, alisema alikwenda kutoa salamu. Basi.

Alipostaafu jeshi akaenda Oman, kama walivyokwenda wengi wa watu wetu. Kazi yake ilikuwa mota na pampu za maji. Miaka ile nitaipita upesi, isipokuwa jambo moja alilokuja nalo, ambalo kila siku mnalitumia na wengi hamjui lilitoka wapi.

Oman kuna mifereji ya kale inayoitwa aflaji. Nizwa wana mmoja maarufu, Falaj Daris. Maji yanatoka chini ya milima, yanateremka kwa mteremko tu, bila mota, bila dizeli, hadi mashambani kwenye mitende. Lakini kilichomkaa Ami moyoni hakikuwa mfereji. Ni namna watu wanavyogawana maji. Kila shamba lina zamu yake. Mchana zamu inapimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa juani, usiku inapimwa kwa nyota. Vizazi na vizazi, watu wenye kiu wanagawana maji kwa kivuli.

Akarudi nyumbani akakuta nini? Mnakumbuka wenyewe. Mfereji mmoja wa bomba pale njia panda, maji yanatoka saa chache kwa siku, na ndoo zinarushwa. Mama zangu, mnakumbuka ndoo zilivyokuwa zikirushwa! Mtu na jirani yake hawasalimiani kwa sababu ya dumu moja la maji. Wakaja wataalamu, wakapendekeza tangi kubwa zaidi. Watu wakapendekeza mlinzi. Ami alifanya nini? Alichukua kigoda, akakaa kwenye foleni siku tatu. Hakusema kitu. Alisikiliza.

Siku ya nne akasema: "Maji yanatosha. Watu hawagombani kwa uchache wa maji. Wanagombana kwa sababu hakuna anayejua zamu yake inaisha lini." Akasimamisha kijiti, akapanga mawe yaliyopakwa chokaa. Kivuli kikifika jiwe lako, umemaliza, mpishe mwenzio. Na msimamizi akamfanya mwalimu wa madrasa, kwa sababu nani hapa anayekijua kivuli kuliko mtu anayeangalia alasiri kila siku? Mtu akauliza, na siku za mawingu? Akachukua kifuu cha nazi, akakitoboa tundu dogo chini, akakiweka juu ya maji kwenye ndoo. Kifuu kinajaa polepole kupitia lile tundu, kikizama zamu imekwisha.

Tangi kubwa lilikuja baadaye, alhamdulillahi. Lakini ugomvi uliisha kabla ya tangi.

Niseme na la Wesha, kwa kuwa wengine hapa ni watu wa umeme kama mimi. Vijana mliozaliwa juzi hamkumbuki, lakini kabla ya mwaka 2010 umeme wote wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli pale Wesha. Yakizimika, kisiwa kimezimika. Ami alikuwa ameshastaafu kila kitu, ila walimwita mara kwa mara. Siku moja nilifuatana naye. Injini moja ilikuwa inagonga. Vijana wameshatandika turubai, spana zimepangwa, wanataka kufungua kichwa cha injini, kazi ya siku mbili, na Chake na Wete zikae giza. Ami akaomba bisibisi ndefu. Ncha akaiweka kwenye ubavu wa injini, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Akasogea silinda hadi silinda. Kwa muda wa birika la chai kuchemka hakuna aliyesema kitu. Kisha akaigonga moja kwa ukucha. "Nozeli ya hii. Badilisheni nozeli." Wakabadilisha. Kugonga kukakoma, injini ikatulia. Kabla ya isha taa zilikuwa zinawaka.

Mwaka 2010 ikaja kebo ya chini ya bahari kutoka mwambao wa Tanga, kilovolti 33, karibu kilomita 78 kupitia mkondo wa Pemba ambao kina chake kinatisha. Watu walicheza ngoma. Ami naye alifurahi, msije mkadhani alikuwa mzee wa kung'ang'ania ya kale. Lakini siku ile alituita sisi vijana wa umeme akatukumbusha wenzetu wa Unguja. Kebo yao ya kwanza ilitandikwa mwaka 1980. Mwaka 2008 walikaa giza karibu mwezi mzima, na kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 wakakaa giza miezi mitatu. Miezi mitatu, ndugu zangu! Maji hayapandi, samaki wanaoza, hospitali zinaomba dizeli. Akatuambia: "Kebo ni kamba. Kamba ina ncha mbili, na kila ncha lazima awepo mtu aliye macho." Na akatuamrisha majenereta ya Wesha yasiachwe kushika kutu, yatiwe grisi, yawashwe, yasikilizwe.

Wakati ule nilidhani anazungumzia umeme. Habari ya kijana wa Kigoma alikuja kunihadithia baadaye.

Hapa nitoe la moyoni, na wakubwa mlioko hapa mtanisamehe. Kisiwa hiki hakikukosa mitambo. Tumeletewa pampu, tumeletewa magari, tumeletewa mashine za kila aina. Nenda nyuma ya majengo mengi utazikuta zimelala kwenye nyasi. Nyingi hazikufa kwa uzee. Zilianza kulia, na hakuna aliyekuwepo wa kuzisikia, kwa sababu aliyefunzwa amehamishwa na aliyebaki hakufunzwa. Jambo hili lilimuumiza Ami kuliko maradhi yake. Ndiyo maana nyumba hii haikukosa watoto. Aliwapeleka Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, wakaona mvuke unavyopita kwenye makonyo ya karafuu na kuchukua mafuta. Akirudi nao anamimina mafuta ya karafuu kwenye bilauri ya maji. Anawauliza: yataelea au yatazama? Wote wanapiga kelele, yataelea! Mafuta ya nazi yanaelea, mafuta ya taa yanaelea. Halafu wanayaona yanakwenda chini, tone kwa tone, yanatulia kwenye kitako cha bilauri. Nilikuwa mmoja wa watoto wale. Mpaka leo nikijiona nina hakika na jambo ambalo sijalipima, nayaona mafuta yale yanazama.

Na mimi mwenyewe je? Nilimaliza chuo, nikapangiwa ofisi moja, sitaitaja. Nikaambiwa mwanamke hapandi nguzo. Nikapewa mafaili na birika la chai. Nikaja hapa, pale pale kwenye kile kibaraza, nikalia. Nilitaka Ami avae koti lake aende akawaambie yeye ni nani. Hakwenda. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hata machozi alingoja yakauke. Kisha akaingia ndani akatoka na donge la chuma na tupa.

Nilipiga tupa wiki tano. Kila jioni baada ya kazi, kwenye jiliwa lake kule nyuma. Malengelenge yalipasuka yakaota mengine. Kila jioni rula, kila jioni anakinyanyua kwenye dirisha la jikoni, na kila jioni mwanga unapita. "Bado, mwanangu." Hasemi zaidi. Wiki ya tano, siku ya Jumatano, tupa ilibadilisha mlio, nikaacha. Niliacha pale pale, nikaiweka chini. Akaja na rula. Akachungulia, akakigeuza, akachungulia tena pande zote sita. Hakuwa mtu wa kusifu. Alikichukua cha kwangu akakiweka kabatini mwake na akafunga. Hiki chenye kosa akanipa mimi.

Mwaka uliofuata nilipanda nguzo yangu ya kwanza, na kazi hiyo naifanya mpaka leo. Mama zangu mliokuwa mkipita njia siku ile mkapiga vigelegele, sijawasahau.

Alipozidiwa, miezi ile miwili ya mwisho, hakuwa na maumivu makali, alhamdulillahi. Mama, mkewe, alikuwa naye usiku na mchana, na sote tunamwombea Mama subira na afya. Ami alipenda nimfungulie dirisha asikie jenereta la jirani. Akisema "filta ya hewa imeziba huyo," nakwenda kumwambia jirani, na kweli imeziba. Aliondoka alfajiri ya Ijumaa, adhana inaisha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nimalizie na mambo mawili ya kazi.

La kwanza, karakana yake haitafungwa. Mama ameridhia. Ufunguo ninao mimi, na kila Jumamosi baada ya adhuhuri nitakuwepo. Mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, aje. Tupa zipo nne. Vyuma nitavitafuta.

La pili, wiki iliyopita nilipita pale njia panda. Kijiti cha mfereji kimeliwa na mchwa, kimeinama, kivuli kinadanganya. Nimepata boriti ya mkoko iliyonyooka. Kesho baada ya alasiri tunakwenda kukisimamisha kipya, na mwalimu atatuonyesha mawe yakae wapi. Mwenye jembe aje nalo, na mwenye chokaa iliyobaki ya Idi atuletee kidogo.

Wabillahi taufiq. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.